War: Santuri ya Ayalandi Isemayo na Mwenye Sare

Askari na wimbo hawaachani. Kuruta huingia kambini akiwa hajui hata namna ya kushika bunduki, lakini kabla ya kukabidhiwa silaha hiyo amekwisha kuimba: alfajiri katika mchakamchaka, mchana katika kwata, na jioni anapong'arisha viatu pamoja na wenzake. Wimbo ndio unaoufunza mguu wake wa kushoto kwenda sawa na mguu wa kushoto wa jirani yake. Wimbo ndio unaoisahaulisha njaa na kuufupisha mwendo mrefu. Kwa sababu hiyo hapana ajabu ikiwa leo tunawaandikia ndugu zetu wa jeshi na polisi habari ya muziki.

Santuri tunayoikusudia yaitwa War, maana yake Vita. Ilipigwa na vijana wanne wa mjini Dublin, nchini Ayalandi, wanaojulikana kwa jina la U2, nayo ikatolewa tarehe 28 Februari 1983. Sisi tulio katika umri wa miaka thelathini na kitu hatukuwa tumezaliwa siku ilipotoka. Ilitufikia miaka mingi baadaye, katika kaseti iliyokwisha kupita mikononi mwa kaka wengi hata maandishi yake yakafutika. Hata hivyo tuliihesabu kuwa yetu. Tuliipenda tukiwa wanafunzi, na tukaenda nayo mpaka shule ya makadeti. Hivi karibuni tumeisikiliza tena, nyimbo zote kumi, kwa utulivu wa mtu mzima, nasi tumeona kwamba inayo maneno ya kumwambia mwenye sare ambayo kijana asiye na sare hakuwa na haja ya kuyasikia. Hayo ndiyo tunayopenda kuwagawia wasomaji wetu.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Mwaka 1976 kijana mmoja mpiga ngoma, Larry Mullen, aliyekuwa na umri wa miaka 14, alibandika tangazo katika shule ya Mount Temple mjini Dublin, akitafuta wenzake wa kuanzisha bendi. Wakapatikana Paul Hewson, ambaye dunia yamjua kwa jina la Bono. David Evans, aitwaye The Edge, mpiga gitaa. Na Adam Clayton, mpiga gitaa la besi. Evans na Clayton walizaliwa Uingereza na kulelewa Ayalandi. Baba yake Bono alikuwa Mkatoliki na mama yake Mprotestanti, jambo lenye uzito mkubwa katika kisiwa ambacho mgawanyiko wa madhehebu ulikuwa umekwisha kumwaga damu nyingi.

Mullen, kabla ya kujiunga na muziki wa roki, alipata kupiga ngoma katika bendi za matarumbeta zinazokwenda mwendo wa gwaride. Msomaji askari hahitaji kuambiwa na mtu. Aiweke santuri hii, asikilize sekunde chache za mwanzo, naye ataitambua mara moja ngoma ya paredi: mapigo makavu, yaliyonyooka, kama ya kikosi kinachoingia uwanjani. Ngoma hiyo ilirekodiwa katika studio ya Windmill Lane, Dublin, mwaka 1982, chini ya mtayarishaji Mwingereza Steve Lillywhite, na ili ipate mwangwi ikapigwa kwenye ngazi za jengo badala ya chumba cha kurekodia. Ndiyo iliyotuteka sisi tulipokuwa vijana. Tulikimbia kwayo, tukaigonga mezani kwa vidole, tukaipiga kwa miguu.

Jalada la santuri halina bunduki wala kifaru. Lina uso wa mvulana mdogo, mikono nyuma ya kichwa, mdomo wenye jeraha, macho yamemkodolea anayemtazama. Mvulana huyo huyo ndiye aliyekuwa kwenye jalada la santuri yao ya kwanza, Boy, ya mwaka 1980, ambapo alionekana mpole, asiye na jeraha. Kati ya majalada hayo mawili ilipita miaka mitatu tu. Yeyote aliyepata kufanya kazi mahali palipopita vita ameiona sura hiyo ya pili katika watoto wa kweli.

Sasa tuzipitie nyimbo. Wa pili, Seconds, wazungumzia hofu ya mabomu ya nyuklia, ambayo katika miaka ile ilikuwa imetanda duniani kote. Ni wimbo wa kwanza wa bendi hii kuanza kwa sauti ya The Edge badala ya Bono. Katikati yake muziki wakatizwa, na zasikika sauti za makuruta wakiimba kwa kufuata mwongozaji. Sauti hizo zilichukuliwa kutoka katika filamu ya ukweli iitwayo Soldier Girls, ya mwaka 1981, inayoonyesha mafunzo ya wanawake katika Jeshi la Marekani. Basi hata mchakamchaka wetu umo ndani ya santuri hii! Raia husikia hapo kitu cha kutisha, watu waliofunzwa kuitika pamoja bila ya kuuliza. Askari husikia asubuhi ya kawaida. Ni vizuri mwenye sare ajue kwamba sauti ile ile yaweza kusikika kwa namna mbili.

Wimbo wa tatu, New Year's Day, ulipewa moyo na harakati za chama cha wafanyakazi cha Solidarity nchini Polandi na kiongozi wake Lech Wałęsa. Tarehe 13 Desemba 1981 serikali ya Polandi ilitangaza utawala wa kijeshi, vifaru vikaingia mitaani, na viongozi wa chama hicho wakatiwa kizuizini. Wimbo ulitoka Januari 1983, nao ndio uliowafungulia U2 mlango wa umaarufu nje ya kwao. Santuri yenyewe ilipanda mpaka nafasi ya kwanza huko Uingereza, ikiiondoa Thriller ya Michael Jackson. Hilo halikuwa jambo dogo kwa vijana waliokuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo.

Lakini wimbo uliotufanya tushike kalamu ni ule wa kwanza, Sunday Bloody Sunday, yaani Jumapili ya Damu. Ngoma ya paredi tuliyoisema ni ya wimbo huo, na fidla isikikayo humo ilipigwa na Steve Wickham. Habari inayotajwa na jina lake ni habari ya askari.

Tarehe 30 Januari 1972, katika mji wa Derry, Ayalandi ya Kaskazini, maelfu ya raia waliandamana kupinga sheria ya kuwafunga watu bila ya kuwapeleka mahakamani, iliyoanza kutumika Agosti 1971. Maandamano yalikuwa yamepigwa marufuku. Jeshi la Uingereza liliweka vizuizi. Baadhi ya vijana wakatupa mawe. Askari wakajibu kwa maji, gesi na risasi za mpira. Mpaka hapo ilikuwa ghasia ya kawaida ya mji ule. Kamanda wa brigedi alitoa ruhusa kwa batalioni ya kwanza ya askari wa miavuli iingize kombania moja, ipitie kizuizi kimoja kilichotajwa, iwakamate wafanya ghasia. Tena akakataza wasiwafukuze watu mbio barabarani. Mkuu wa batalioni akatuma kombania nyingine vilevile, ikiwa ndani ya magari, ikapenya mpaka katikati ya makazi ya Bogside. Wafanya ghasia na waandamanaji watulivu wakachanganyika, wote wakikimbia. Ndipo risasi za moto zilipoanza. Katika muda wa kama dakika kumi zilifyatuliwa risasi zaidi ya mia moja. Watu 13 wakafa, wengine kama hao wakajeruhiwa, na mmoja wa majeruhi akafariki miezi michache baadaye.

Jioni ile ile jeshi lilieleza kwamba waliopigwa walikuwa wenye bunduki na watupa mabomu. Jaji Mkuu wa Uingereza, Lord Widgery, aliteuliwa kuchunguza, na mwezi wa Aprili mwaka huo huo akatoa taarifa iliyowaondolea askari sehemu kubwa ya lawama. Familia za wafu zilikataa kuipokea. Zilidai kwa miaka ishirini na sita. Mwaka 1998 serikali ya Tony Blair ikaunda tume mpya chini ya Lord Saville, iliyosikiliza mashahidi kwa miaka mingi na kugharimu karibu pauni milioni 200. Taarifa yake ilitolewa tarehe 15 Juni 2010. Ilikiri kwamba baadhi ya watu wa makundi ya silaha walifyatua risasi siku ile, lakini ikaamua kwamba hakuna hata mmoja kati ya waliopigwa aliyekuwa akihatarisha maisha ya askari. Kwamba baadhi yao walipigwa wakikimbia, na wengine wakiwasaidia majeruhi. Kwamba mkuu wa batalioni alikwenda kinyume cha amri aliyopewa. Kwamba askari walipoteza utawala juu ya nafsi zao. Na kwamba wengi wao walitoa maelezo wakijua kuwa ni ya uongo. Siku hiyo hiyo Waziri Mkuu David Cameron alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Na bado jambo halikwisha. Askari mmoja wa zamani alishtakiwa kwa mauaji, na ni Oktoba 2025 tu ambapo mahakama mjini Belfast ilimwachia huru kwa kuwa ushahidi haukutosha. Tangu dakika zile kumi mpaka hukumu hiyo ilikwisha kupita zaidi ya miaka hamsini na mitatu.

Hebu tusimame hapa, ndugu askari. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na risasi ni maji ya namna hiyo. Batalioni ile ilikuwa ya askari hodari, waliofunzwa kushambulia adui kwa kasi. Ilipewa kazi ya kuwakamata wafanya ghasia, ikaifanya kazi hiyo kwa tabia ya mashambulizi. Amri ilikuwapo, tena ilikuwa na mipaka: kombania moja, mlango mmoja, msifukuze. Mipaka hiyo ilipovukwa hapakuwa na kitu kingine cha kumzuia mtu isipokuwa dhamiri yake mwenyewe, na katika kelele, moshi na hofu, dhamiri ya mtu mmoja mmoja ni uzio dhaifu. Ndiyo maana tunasema amri yenye mipaka humlinda raia, na humlinda mwenye bunduki pia. Askari polisi anayetumwa kutuliza mkutano, na mwanajeshi anayeitwa kumsaidia, wote wawili wana haja ya kuijua habari ya Derry kama wanavyojua kuifungua na kuifunga bunduki yao.

Kuna jambo la pili, nalo latugusa zaidi sisi ambao kazi yetu ni kuandika taarifa za jeshi. Taarifa ya jioni ya kwanza ndiyo inayosomwa kabla ya nyingine zote. Ikiwa ni ya kweli, hata kama ni chungu, humaliza maneno. Ikiwa ni ya uongo, hugeuka deni linalozaa riba. Njia ya mwongo ni fupi, yasema methali. Ya Derry ilikwenda miaka thelathini na minane, lakini nayo ilifika mwisho wake, na wakati wote huo vijana wa nchi za mbali, ambao hawakupata kusikia jina la Lord Widgery, walikuwa wakiuimba wimbo. Hakuna ofisi ya habari iwezayo kushindana na wimbo. Kinga iliyopo ni moja: tendo lenyewe liwe safi, na lisipokuwa safi, lisemwe hivyo mapema na sisi wenyewe.

Je, basi wimbo huu ni wimbo wa kuwachukia askari? La hasha. Hapo ndipo tulipozidi kuuheshimu tulipousikiliza tena. Maneno ya mwanzo yaliyoandikwa na The Edge mwaka 1982 yaliyataja makundi ya silaha kwa majina na kuyashutumu. Wenzake walipokaa nayo wakayaondoa, wakabakiza maombolezo ya mtu aliyechoka kusikia habari za mauaji, yawe yametendwa na nani. Desemba 1982 waliuimba Belfast kwenyewe, mbele ya watu wa pande zote mbili. Na katika ziara ya mwaka 1983 Bono alizoea kuwaambia wasikilizaji kwamba huu si wimbo wa waasi, akaubeba jukwaani mwenge wa pekee alioupenda, bendera nyeupe isiyo na nembo ya nchi yoyote wala ya kundi lolote.

Hayakuwa maneno ya jukwaani tu. Tarehe 8 Novemba 1987, katika mji wa Enniskillen, watu walikusanyika kwenye mnara wa kumbukumbu ya askari waliokufa vitani. Bomu la IRA likalipuka, watu 11 wakafa siku hiyo. Usiku ule U2 walikuwa mjini Denver, Marekani. Katikati ya wimbo huu huu Bono aliwalaani vikali waliofanya tendo hilo na wale waliolishangilia kutoka ng'ambo, na jambo hilo limehifadhiwa katika filamu yao ya Rattle and Hum ya mwaka 1988. Mtu aliyewaombolezea waandamanaji wa Derry aliwaombolezea pia waliokwenda kuweka mashada kwa ajili ya askari. Kipimo chake kilikuwa kimoja.

Nasi tupime kwa kipimo hicho. Katika machafuko yale ya Ayalandi ya Kaskazini walikufa watu zaidi ya 3,500. Askari polisi zaidi ya 300 wa Royal Ulster Constabulary waliuawa, baadhi yao wakiwa nje ya kazi, mlangoni kwao au ndani ya magari yao. Wanajeshi wa Uingereza waliouawa walihesabika kwa mamia, vijana waliotumwa na serikali yao. Mwaka 1972, ulioanza kwa Jumapili ile, ndio uliokuwa na vifo vingi kuliko yote. Baada ya Derry vijana wengi walikwenda kujiandikisha katika IRA. Kwa maneno mengine, risasi za dakika kumi ziliwaongezea maadui askari wenzao waliokuwa bado hawajafika zamu.

Mwisho wa mambo ni mazungumzo. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 10 Aprili 1998. Mwezi uliofuata, siku chache kabla ya wananchi kuupigia kura, U2 walipiga muziki mjini Belfast, na Bono akawasimamisha jukwaani John Hume na David Trimble, viongozi wa pande mbili zilizokuwa hazipatani, akaiinua mikono yao juu. Mwaka 2001 polisi ilipewa jina jipya na utaratibu mpya, na kwa miaka kumi nusu ya waajiriwa wake walichukuliwa kutoka kwa Wakatoliki, ili kila mtaa umwone mtoto wake ndani ya sare. Tarehe 31 Julai 2007 operesheni ya Jeshi la Uingereza katika jimbo hilo, iliyoanza mwaka 1969, ikafungwa.

Msomaji asidhani kwamba Ayalandi imetuletea nyimbo tu. Askari wake wenyewe wamepata kuikanyaga ardhi ya jirani zetu wanaosema Kiswahili. Kati ya mwaka 1960 na 1964 zaidi ya 6,000 walitumika nchini Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Huko Niemba, kaskazini mwa Katanga, tarehe 8 Novemba 1960, doria yao ilishambuliwa na tisa wakapoteza maisha. Huko Jadotville, leo Likasi, Septemba 1961, kombania moja ilizingirwa kwa siku tano, ikapigana mpaka maji na risasi zikaisha, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Na hapa Uganda, katika kambi ya Bihanga, maofisa wa Ayalandi walikuwamo miongoni mwa wakufunzi wa Umoja wa Ulaya waliowafunza askari wa Somalia. Tangu mwaka 2011 ujumbe huo uliongozwa na Kanali Michael Beary wa jeshi hilo. Kwa hiyo nchi iliyotoa wimbo ule imetoa pia walinda amani wanaojua, kwa historia ya kisiwa chao, gharama ya risasi moja iliyopigwa mahali pasipofaa.

Imebaki tuihukumu santuri kwa masikio. Si nyimbo zote zilizozeeka vizuri. Red Light na Surrender, zilizo upande wa pili, zina fujo ya mji zaidi ya maana, na leo tunaweza kuziruka bila ya majuto. Two Hearts Beat as One bado yachezeka. Drowning Man, ambayo ujanani tuliiona nzito, sasa ndiyo tunayoirudia usiku, kwa kuwa ina utulivu ambao kijana hana haja nao. The Refugee, habari ya mkimbizi, ina ngoma kali, na kwa nchi kama yetu iliyopokea wakimbizi wengi haihitaji mkalimani.

Wa mwisho waitwa 40. Maneno yake yametolewa katika Zaburi ya 40, kilio cha mtu aliyemngojea Mungu kwa saburi akapandishwa kutoka shimoni. Uliandaliwa haraka katika saa za mwisho za studio, Clayton akiwa amekwisha kuondoka, ikambidi The Edge apige besi yeye mwenyewe. Katika maonyesho yao ya miaka ile U2 waliufanya kuwa wimbo wa kuagana: mwimbaji hutangulia kuondoka, kisha wapiga magitaa mmoja baada ya mwingine, watu wakiendelea kuimba, mpaka anabaki mpiga ngoma peke yake.

Santuri iliyoanza kwa ngoma ya gwaride yamalizika kwa sala. Huo ndio mpango tunaoutamani kwa kila operesheni: iwe na mwanzo wenye nidhamu, na mwisho ambao askari aweza kusimama mbele ya Mungu wake na mbele ya mama wa mtu mwingine bila ya kuinamisha uso. Mwenye kaseti au santuri hii na aisikilize tena. Kisha, siku atakapopangwa zamu mbele ya umati wenye hasira, akumbuke kwamba huenda miongoni mwao yumo mtu atakayetunga wimbo, na wimbo huo utaimbwa na wajukuu wa wote wawili.